Hajar Sakit: Miaka Yangu Kwenye Kaunta ya Mawe

Mmeniomba niwaandikie mwongozo mpya kwa wananchi wanaopenda kukusanya mawe na visukuku: watumie vifaa gani, waende wapi, waanzie wapi kusoma. Mlitaka kurasa mbili zenye picha. Nimefurahi kuona kwamba nimestaafu juzi tu na tayari mmenikumbuka, tena kwa kazi ya bure. Lakini kurasa mbili hazitoshi. Mwongozo wa kwanza ulikuwa wa ukurasa mmoja, na sentensi moja ndani yake nusura imuue mwanamke wa Rejaf, kijiji cha kando ya Nile, ambaye hakuwahi hata kuusoma. Kwa hiyo vumilieni, nianze mwanzo.

Nilirudi Juba kutoka Uganda baada ya amani, kama wazazi wa wengi wenu. Nilikuwa na cheti cha shule ya sekondari, mtoto mmoja, na Kiswahili cha soko la Arua ambacho ndicho ninachowaandikia hapa, baada ya kukipiga pasi kidogo. Nilipoambiwa kuna kazi katika ofisi ya jiolojia niliona kofia pana, gari la magurudumu makubwa na mimi nikinyoosha kidole kuelekea mlima fulani. Siku ya kwanza nikapewa kitambaa chenye unyevu, nikaonyeshwa chumba kilichojaa mawe hadi dirishani, na kuambiwa nipanguse vumbi. Nilipouliza nianzie wapi, sauti kutoka nyuma ya rafu ikasema, "Popote. Vumbi halina foleni."

Sauti hiyo ilikuwa ya Ustaz Lado, mtunza mawe. Alikuwa mfupi na mkali, amesomea Khartoum zamani, na lenzi yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakumwazima mtu lenzi ile. Nadhani hata mkewe aliwahi kuomba akanyimwa. Mimi mwenyewe aliniruhusu kuitumia baada ya miezi kadhaa, tena kamba ikiwa bado shingoni mwake, kwa hiyo tulitazama mawe vichwa vikiwa vimegusana kama watu wanaonong'onezana siri.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kulamba jiwe. Msicheke. Jiwe kavu lina vumbi usoni, lakini likilowa rangi zake hujitokeza na chembe zake huonekana. Na ukiletewa kitu na ukaambiwa ni mfupa uliogeuka jiwe, gusisha ulimi: mfupa wa kale una vitundu vidogo, hunata kwenye ulimi, na jiwe la kawaida halinati. Wageni waliokuja kaunta na kukuta wafanyakazi wa serikali wawili wanalamba mawe walirudi nyumbani wakiwa na maoni mapya kuhusu serikali. Ushauri wangu ni kwamba uulize kwanza jiwe limetoka wapi. Niliwahi kulamba moja lililokuwa limezibia mlango wa banda la mbuzi.

Kaunta ilikuwa wazo la Ustaz Lado. Mwananchi yeyote aliyeokota jiwe angeweza kulileta, akaambiwa ni nini bila malipo. Wazo zuri sana, isipokuwa kwamba kila mwananchi alikuwa ameokota dhahabu. Wengine waliokota almasi, na mmoja alileta kimondo kilichoanguka kutoka mbinguni, ambacho kilikuwa ni mabaki ya chuma kutoka kwa wachomeleaji vyuma wa Gurei. Dhahabu yao kwa kawaida ilikuwa ulanga, yale magamba yanayometameta ambayo yamejaa kila kokoto ya Jebel, mlima wetu. Wachache walileta lile jiwe la manjano zito linalowadanganya watu duniani kote. Kwa hilo tulikuwa na kigae cha choo. Geuza kigae, tumia upande wa nyuma usiong'aa, sugua jiwe lako hapo. Dhahabu huacha mstari wa manjano, na lile jingine huacha mstari mweusi, pamoja na huzuni.

Baada ya kusugua, kulamba na kutazama kwa lenzi, Ustaz Lado alikuwa akiinua kichwa na kutoa hukumu kwa Kiarabu cha Juba: "Hajar sakit." Jiwe tu. Hakuongeza pole, hakuongeza maelezo. Nimewaona watu wazima wakitoka pale wakiwa wamebeba mawe yao kama wamebeba maiti. Kamanda mmoja alikuja na walinzi wawili na jiwe lililofungwa kwenye taulo la hoteli. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba, afande, ni hajar sakit. Akataka maoni ya pili. Ustaz Lado akatoka nyuma ya rafu, akalitazama, akampa maoni ya pili: hajar sakit. Taulo tuliachiwa.

Nisiwachoshe na wenye dhahabu. Kila mwaka walipatikana pia watu wawili watatu waliopenda mawe kwa sababu ni mawe. Hao ndio mnaotaka kuwaandikia, na kwao sikilizeni. Mpenda mawe hahitaji vifaa vile vya dukani Nairobi vyenye mkoba wa ngozi. Anahitaji nyundo, na iwe ya mwashi, kwa sababu ya seremala hupasuka na kukurushia kipande cha chuma jichoni. Anahitaji msumari na kipande cha kioo cha kupimia ugumu, sumaku kutoka kwenye spika iliyokufa, kigae chake, na ndimu. Ndimu ni kwa ajili ya mawe ya chokaa, ambayo yakisagwa kidogo na kudondoshewa hutoa povu. Asidi ya betri ya gari inafanya vizuri zaidi, na pia inafanya vizuri zaidi kwenye suruali yako. Magazeti ya kufungia. Na kalamu, kwa sababu jiwe lisilo na maandishi ya mahali lilipotoka ni kokoto iliyosafiri.

Bora kuliko wote hao alikuwa Pitia. Alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege, kijana mrefu mwenye mabega ya mtu anayebeba masanduku ya wenzake, amekulia kambini Uganda na kuja Juba akiwa mtu mzima. Alianza kwa kuuliza kwa nini tumeandika "jiwe la Rejaf" kwenye jiwe moja na "jiwe la Jebel" kwenye jingine wakati yote ni meusi. Ustaz Lado, ambaye hakupenda maswali, akalipenda lile. Tangu siku hiyo Pitia alikuja kila alipotoka zamu, na mikono haikuja mitupu. Alituletea magazeti ya kila nchi yaliyoachwa ndani ya ndege, sponji za kufungia vyombo, na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu. Alituletea pia mabunda ya zile karatasi ndefu za kunata zinazofungwa kwenye mizigo, ambazo shirika moja lilikuwa limeacha kuzitumia. Tukazifunga kwenye mawe. Ndiyo maana hadi leo mkiingia chumba kile mtaona mawe ya Juba yakisubiri kupanda ndege ya Entebbe.

Shida ya Pitia ilikuwa moja: alitaka visukuku. Na Juba, wapendwa wangu, haina visukuku. Mawe yetu yamepikwa chini ya ardhi mpaka yakasahau yalikuwa nini. Kumtafuta samaki wa kale ndani ya mawe ya Jebel ni kumtafuta ndani ya tofali la kuchoma. Tulimweleza. Akaitikia vizuri, akaendelea kutafuta. Halafu siku moja akaja na kipande cha udongo mgumu wenye ganda la chaza wa mtoni, mnene kama kisigino, alilolitoa kwenye kingo ya juu ya Rejaf, mahali ambapo maji ya Nile hayafiki hata mwaka wa mafuriko. Ustaz Lado alilitazama muda mrefu. Aliligusisha ulimi. Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tena: alivua lenzi shingoni, akampa Pitia aishike mwenyewe.

"Mto ulikuwa huko juu," akasema. "Zamani. Mto wote."

Pitia akatazama akiwa ameziba jicho moja na mdomo uko wazi. "Kwa hiyo si jiwe tu?"

"Si jiwe tu."

Vita vikaja Desemba ya 2013. Mnajua ilivyokuwa, na mliokuwa wadogo mmesimuliwa. Ofisi ilifungwa, tukajificha kila mtu alikoweza, na tuliporudi tukakuta askari waliolala mle ndani wameondoka na milango, na viti, na kwa sababu nisizozijua hadi leo, mkojo wameacha. Mawe hawakuyaiba. Waliyatumia. Mengine yalikuwa mafiga nyuma ya jengo, mengine yalikuwa juu ya paa za mabanda ya jirani kuzuia mabati, na mengi yalikuwa yameenea mitaa mitatu. Jiwe zuri la mgodini la miaka ya wakoloni nililikuta likiwa limezuia gurudumu la lori la maji. Ustaz Lado alikuja kuziona rafu zile. Wiki hiyohiyo alipanda basi la kwenda Arua kwa binti yake, na kwenye meza yangu nilikuta kamba ya kiatu na lenzi yake. Nililia, nakiri, kisha nikaivaa.

Kuyatambua mawe yetu mitaani ilikuwa rahisi. Kila jiwe la ofisi lilikuwa na doa jekundu ambalo namba iliandikwa juu yake. Kwingine duniani doa ni jeupe. Letu lilikuwa jekundu kwa sababu rangi ilitokana na debe lililobaki walipopaka lango la ofisi, na debe lile halikuisha mpaka nimestaafu. Basi tukakaa kikao. Mkubwa mmoja mwenye hasira akataka kwenye ule mwongozo wetu wa wapenda mawe iongezwe sentensi, nami nainakili kama ilivyokuwa: "Jiwe lolote lenye rangi nyekundu ni mali ya ofisi, atakayeliona alirudishe." Tulikuwa mezani watu wenye vyeti vya nchi nne. Tukajadili kama tuandike "alirudishe" au "anaombwa alirudishe". Tulikuwa katika nchi ambayo kando ya barabara zake, kuanzia Juba hadi mipakani, kuna mistari ya mawe mekundu yaliyowekwa na watega— niseme vizuri, na wategua mabomu, kuonyesha kwamba ukipita hapo utarudi nusu au hutarudi kabisa. Hakuna aliyeinua mkono. Ukapigwa chapa.

Kwa wale ambao hawajui: jiwe la wategua mabomu hupakwa nyekundu upande wa hatari na nyeupe upande wa salama. Kwenye mafunzo ya wakimbizi wanaorudi, picha zinaonyesha nyekundu kama damu na kibao chenye fuvu pembeni. Hawaonyeshi jinsi jua la miaka linavyoifanya nyekundu kuwa rangi ya kisigino cha mtoto, na nyeupe kuwa rangi ya jiwe. Na kibao chenye fuvu ni bati zuri. Kile cha njia ya kingo ya Rejaf, tulikuja kujua baadaye, kilikuwa kimegeuzwa mlango wa banda la kuku.

Julai ya 2016 vita vikazuka tena, siku chache, vikali. Baada ya hapo watu wa kigeni waliondoka kwa ndege moja baada ya nyingine, na Pitia ndiye aliyepakia masanduku yao. Ofisi yetu ikafunguliwa kwa jina tu. Mimi nilikuwa nakwenda kwa sababu nyumbani nilikuwa nasikiliza kila kishindo. Asubuhi moja, nikiwa peke yangu kaunta, Pitia akaingia na gunia la mchele begani. Akaliteremsha taratibu, akajifuta jasho, uso wote umejaa fahari.

"Mama Keji, mimi iko na mali ya serikali hapa."

"Mali gani?"

"Mawe yenu, yale mekundu ya mwongozo. Wale askari walibeba mpaka Rejaf, unaweza kuamini? Jana mimi nilienda kutafuta makombe ya chaza, nikaona yamepangwa njiani, mengi. Nikasema, hii kazi yote ya Ustaz Lado inapotea hivi? Nikaokota yote."

Akafungua gunia. Nilichukua la juu. Halikuwa na namba. Rangi haikuwa doa, ilikuwa imefunika upande mzima. Nikaligeuza, na upande wa pili, nilipolilamba, kwa mazoea tu, Mungu anisamehe, nyeupe ikajitokeza.

Niliogopa hadi nikasahau lugha. Nilitaka kumuuliza aliyaokota kutoka wapi, kikatoka Kibari cha nyumbani, kikatoka Kiarabu, mwisho nikaweka jiwe mezani mbele yake na kuonyesha kidole kwanza nyekundu, kisha nyeupe. Nilimwona akielewa. Alikaa chini sakafuni, kando ya gunia.

"Mama, mimi nilipita huko," akasema. "Nilisimama huko."

"Ulisimama wapi? Njiani au ndani?"

"Njiani. Nilinyoosha mkono tu."

"Basi uko hai. Inuka."

Nilipiga simu kwenye namba ya wategua mabomu. Ililia, ikapokelewa na mtu mpole sana aliyekuwa Entebbe. Akaniambia tusiguse mawe. Nikamwambia ushauri wake ni mzuri na umechelewa siku moja. Akaniambia basi tuwazuie watu wasipite mpaka timu itakaporudi. Nikamuuliza itarudi lini. Akasema hali ikitulia. Nikamshukuru, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Tukapanda pikipiki ya rafiki yake Pitia, watatu juu yake, gunia likiwa katikati, debe la rangi ya lango mkononi mwangu. Kwenye kizuizi askari alitaka kujua tunabeba nini. Mawe, nikasema. Ya nini? Ya kurudisha. Alitutazama akaona kwamba hata hongo kwa watu kama hawa ni mzigo, akatupitisha.

Sasa niwaambie nilichokuwa nimekifahamu njiani na ambacho Pitia alikuwa bado. Watu wa Rejaf hawahitaji picha za mafunzo. Kwao mawe mekundu yakiwepo, shamba limefungwa. Mawe mekundu yakiondolewa, maana yake timu imemaliza kazi, shamba limepona, chukua jembe. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali palipotegwa: watu huamka asubuhi, mawe hayapo, wanashangilia. Na Pitia alikuwa ameyaondoa yote.

Tulipofika kwenye ile njia ya kingo tulimwona. Mwanamke mtu mzima, kitenge kimefungwa kiunoni, ameinama ndani ya majani, analima. Hakuwa pembeni. Alikuwa ndani, ameshakwenda safu kadhaa, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyesubiri sana. Pitia akaanza kukimbia kumfuata. Nilimdaka shati, likachanika, lakini akasimama.

"Mama!" nikapaza sauti. "Mama, simama hapo hapo!"

Alinyooka, akatutazama. Akaona mwanamke wa mjini mwenye kitambulisho cha serikali shingoni na kifaa cha kioo kwenye kamba, na kijana mwenye mabega. Hakusikia neno "simama". Alisikia kile ambacho kila mwenye shamba kando ya Juba anakisikia akiona watu kama sisi: wamekuja kuigawa ardhi. Alinijibu kwa Kiarabu cha Juba, na sitaandika yote kwa sababu mwongozo wenu utasomwa na watoto. Sehemu ninayoweza kuandika ni hii: "Hili ni shamba la mama yangu! Amezikwa pale! Mmesubiri mawe yatoke tu, mje kupima!" Na ili tuone vizuri kwamba ni lake, akainua jembe na kulishusha kwa nguvu zake zote.

Nikapiga kelele kwamba kuna mabomu. Akapiga kelele kwamba huo ndio uongo wa watu wa ardhi, wanawatisha wenye mashamba kisha wanajenga hoteli. Na ukweli ni kwamba uongo huo upo, umewahi kutumika, kwa hiyo ningemlaumuje?

Pitia ndiye aliyefanya la maana. Alifungua gunia, akatoa jiwe moja, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, upande mwekundu ukimtazama mama yule. Machozi yalikuwa yanamtiririka tu.

Jembe likabaki juu. Akalishusha polepole sana, akalilaza kwenye udongo alioutifua.

"Nani ametoa?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Timu ilikuja?"

"Hapana, mama. Mimi peke yangu."

Nikamwambia, safari hii kwa sauti ya kawaida, arudi juu ya udongo aliolima tu, asikanyage jani lolote. Alirudi mguu kwa mguu, akitazama chini, kitenge amekikunja mkononi kama anavuka mto. Alipofika njiani alimpiga Pitia kofi moja ambalo lilisikika ng'ambo. Kisha akamshika kijana yuleyule kwa mikono miwili, naye akamshikilia. Tukabaki hivyo, watatu, na mwenye pikipiki akiuliza kama tunaendelea kumhitaji.

Aliitwa Mama Kiden. Tulipotaka kurudisha mawe, Pitia akasema mstari ulikuwa upande wa kushoto kuanzia kwenye kichuguu. Kwenye kila jiwe, mpenda mawe hodari aliyefundishwa na Ustaz Lado alikuwa amefunga karatasi ya uwanja wa ndege, na kwenye kila karatasi alikuwa ameandika "Rejaf". Rejaf ni kubwa, nikamwambia. Mama Kiden akatusogeza. Alikuwa amepita mbele ya mawe yale kila siku kwa miaka akilitazama shamba lake kutoka nje, akatuonyesha hili lilikaa wapi na lile wapi, mpaka kwenye mti wa lalob mstari unapokata kona. Tuliyaweka tukiwa tumesimama njiani, tukinyoosha mikono. Nikayapaka rangi upya. Tulipofikia la mwisho, Mama Kiden alilichukua kutoka mkononi mwa Pitia, akaliweka mwenyewe, na kulibana udongoni kwa kisigino cha mkono. Alikuwa analifunga shamba la mama yake kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake. Sijui nilimwambia nini. Nadhani nilisema "malesh", neno ambalo kwetu tunasema tukimkanyaga mtu kidole.

Jembe lilibaki ndani. Na karanga pia, kwa kuwa zile safu za mwanzo alikuwa ameshazipanda. Zilichipua, zikatoa maua, zikakomaa nyuma ya mawe mekundu, na hakuna aliyezivuna isipokuwa panya.

Kesho yake nilikusanya nakala zote za mwongozo wetu nilizoweza kupata, nikazitumia kufungia mawe. Ndiyo kazi nzuri zaidi uliyowahi kufanya. Kwa hiyo andikeni mnachotaka kuhusu nyundo na ndimu, lakini katika mwongozo wenu mpya sentensi ya kwanza kabisa, kabla ya picha zenu, iwe kwamba jiwe lenye rangi haliguswi, liwe jekundu, la waridi au la bluu ya mbinguni, na kwamba ofisi yetu haidai jiwe lolote kwa mtu yeyote. Na debe lile la rangi mlitupe. Najua bado lipo.

Timu ilichukua miaka kurudi. Hali ilikuwa haijatulia, kisha ilitulia, kisha haikutulia. Kila Mama Kiden alipokuja mjini sokoni alipita kaunta kuniuliza kama wamepiga simu, na kila mara nilikuwa na jibu lilelile, nikalichukia. Walipokuja hatimaye, walikwenda shibiri kwa shibiri kwa muda wa msimu mzima, kisha wakayaondoa mawe na kumrudishia Mama Kiden shamba lake. Bomu moja walilitoa mkono mmoja tu kutoka mahali safu yake ya mwisho ya karanga ilipoishia. Aliniambia hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni, halafu akabadilisha mazungumzo.

Wiki yangu ya mwisho kazini kulikuwa na foleni kaunta. Pitia alikuwa amekuja baada ya zamu, kama kawaida yake, na bunda la magazeti. Mama Kiden alisimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote, akakataa kupitishwa mbele. Nyuma yake alikuwa mwanamume mwenye dhahabu, ameikumbatia ndani ya soksi. Zamu ya Mama Kiden ilipofika akaweka mezani jiwe jekundu upande mmoja, jeupe upande mwingine, moja ya yale yaliyolifunga shamba lake.

"Hili ni jiwe gani?" akaniuliza, uso umekaza.

Nilifanya kila kitu. Nililisugua kwenye kigae, nikaliwekea sumaku, nikalikwaruza kwa msumari. Pitia akaleta ndimu bila kuombwa. Nikavaa lenzi ya Ustaz Lado, nikalitazama pande zote mbili, na nililitazama muda mrefu kwa sababu macho yangu yalikuwa yameloa na sikutaka foleni ione.

"Hajar sakit," nikamwambia.

Mwanamume mwenye soksi alimwonea huruma. Alimshika bega kwa upole kabisa. "Malesh, mama," akasema. "Usikate tamaa. Labda kesho utapata zuri."

Mama Kiden alicheka mpaka akaomba kiti.